Mtu wa Pili Ndani ya Gari Moshi

Nazungumza kutoka hapa Maramba, chini ya vilima vya Usambara Mashariki, saa ambayo ukungu umekwisha anza kuteremka juu ya michungwa na sauti za vijana wa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, waliokuwa wakiimba jua likitua, zimekwisha nyamaza. Mazungumzo yangu ya leo yahusu jambo ambalo baadhi yenu mtaliona ni la mbali, tena ni la mchezo, nalo ni msimu wa mwisho wa tamthilia moja ya televisheni ya Marekani, iliyochanganya makauboi na majasusi, na ambayo ilikoma mwaka 1969. Nawaomba mnisikilize, kwani katika namna ilivyokoma mna suala ambalo sisi watu wa mwambao, tuliolelewa kwa visa vya Abunuwasi na vya sungura, tuna haki ya kulitolea rai kuliko watu wengi.

Nianze kwa kusema jinsi makauboi walivyotujia. Nilipokuwa mtoto sinema ilitufuata kwa gari. Gari hilo lilifika kwenye mashamba ya mkonge mara chache kwa mwaka, jenereta likaanza kunguruma, shuka jeupe likatandwa baina ya miti miwili, na halaiki ya watu wakaketi pande zote mbili za shuka, hata wale waliochelewa wakakaa upande wa nyuma na kuwaona makauboi wote wakichomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Kesho yake, uwanjani, kila mvulana alitaka kuwa stelingi. Aliyekosa ustelingi alikubali kuwa adui, maana adui naye hupata fahari ya kuanguka mbele ya watu. Walakini lile jukumu la tatu, la mtu anayefuatana na stelingi, anayemshikia farasi na kumnong'oneza habari za mji, hilo hapana aliyelitaka, na aghalabu alipewa mtoto mdogo kuliko wote, au mgeni. Marehemu babu yangu mzaa mama, ambaye alikata mkonge tangu ujana wake mpaka mgongo ukapinda, alitutazama siku moja tukigombana hivyo akauliza: “Mbona nyote mwakimbilia kuwa mikono, na hapana hata mmoja anayetaka kuwa kichwa?” Sikumfahamu siku ile. Nimemfahamu uzeeni, mbele ya tamthilia hiyo ninayotaka kuwahadithia.

Televisheni, kama mjuavyo, bara tuliingojea hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini na ushei. Kwa hiyo tamthilia iliyorushwa Marekani baina ya mwaka 1965 na 1969 sisi wa Maramba hatukuijua hata kwa jina, na mimi nimeitazama juzijuzi tu, baada ya kumaliza kazi za maisha, kwa kompyuta ya mpwa wangu anayesoma mjini, ambaye aliniletea misimu yote minne akidhani nitatazama usiku mmoja kisha nichoke. Sikuchoka. Nimezitazama sehemu zote 104, na zile 24 za msimu wa mwisho nimezirudia.

Jina lake ni The Wild Wild West, yaani Magharibi ya nyikani, ile nchi ya Marekani ambayo sheria ilikuwa haijafika barabara. Shirika la CBS lilianza kuirusha tarehe 17 Septemba 1965, usiku wa Ijumaa, na usiku huo haukubadilika hadi mwisho wake. Aliyeibuni, Bwana Michael Garrison, aliona kwamba watu wa zama zake walipenda vitu viwili, kauboi wa kale juu ya farasi na jasusi wa kisasa wa namna ya James Bond, akavitia vyote viwili katika chungu kimoja. Lakini hakujaliwa kuula mlo wake mpaka ukaisha, kwani alianguka nyumbani kwake mwezi wa Agosti 1966 akafariki, na tamthilia ikaendelea mikononi mwa wengine. Kila sehemu ilipewa jina lenye kuanza na neno Usiku: usiku wa hili, usiku wa lile, kama vile hadithi za Shahrazadi zilivyohesabiwa kwa usiku.

Zama zinazosimuliwa ni zama za utawala wa Rais Ulysses Grant, aliyeshika madaraka kuanzia 1869 hadi 1877. Msikilizaji anayetaka kuzipima zama hizo kwa kipimo cha kwetu na akumbuke kwamba Sayyid Barghash alikalia kiti cha Zanzibar mwaka 1870, na kwamba ni katika Juni 1873 ndipo mkataba ulipotiwa sahihi wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Na kwamba wakati huo watu wa mrima, ambao wengi wao hawakupata kumwona Mmarekani kwa macho, walivaa na kununuliana kwa kitambaa kilichobeba jina la nchi hiyo, merikani, hata mzee aliyezikwa kwa sanda ya merikani alikwenda kaburini na Marekani mwilini mwake. Nchi zile mbili hazikuwa mbali kama ramani inavyodai.

Basi Rais Grant wa tamthilia anao watumishi wawili wa siri, nao husafiri kwa gari moshi lao wenyewe, lenye sebule ya mahameli, jiko, maabara ndogo, njiwa wa kupeleka barua na mtambo wa simu uliofichwa. Mimi niliyezaliwa karibu na reli kongwe kuliko zote za nchi hii, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Mombo 1905 na Moshi 1912, nilivutwa kwanza na gari moshi hilo kuliko na watu waliomo. Kila mtoto wa Tanga ameota kuwa na behewa lake. Walakini baada ya sehemu mbili tatu macho yangu yaliliacha gari yakawafuata abiria.

Abiria wa kwanza ni James West, aliyechezwa na Robert Conrad. Huyu ndiye stelingi. Kijana wa kimo cha kati, kifua kipana, suruali ya kubana, bastola ndogo iliyofichwa katika mkono wa koti, baruti katika kisigino cha kiatu. Akiingia chumbani wakawamo watu sita, utajua kwamba punde watu sita watakuwa wamelala sakafuni. Conrad alipenda kufanya hatari hizo kwa mwili wake mwenyewe, badala ya kumwachia mbadala, na hilo nitalirudia. Abiria wa pili ni Artemus Gordon, aliyechezwa na Ross Martin. Gordon hapigani vizuri. Gordon hujigeuza: leo kasisi, kesho mlevi wa bandarini, keshokutwa jemadari wa Kijerumani au mfanyabiashara wa Kihispania, na kila anapojigeuza hageuzi nguo peke yake, hugeuza lafudhi, mwendo, namna ya kushika kikombe, hata namna ya kunyamaza.

Ross Martin alizaliwa Poland mwaka 1920, akapelekwa New York angali mdogo, na Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, wala ya pili. Mtoto wa wahamiaji, aliyekulia katika mtaa ambao kila ngazi ya nyumba ina lugha yake, hujifunza mapema kwamba lugha ni vazi, na kwamba mwenye mavazi mengi huingia milango mingi. Sisi wa mwambao twalijua hilo bila ya kufundishwa. Mtu wa Maramba huamka akamsalimu jirani yake kwa Kisambaa, akafika sokoni akapatana bei kwa Kidigo, akaenda ofisini akaandikiwa barua kwa Kiswahili sanifu, na jioni akasikiliza habari za Mombasa zenye lafudhi ya Kimvita. Na mahali pote hapo ni mtu yule yule. Kwa hiyo nilipomwona Gordon akibadilisha ulimi mara nne katika saa moja sikuona mwujiza wa sinema. Niliona mtu wa kwetu.

Sasa natia mguu katika msimu wa mwisho.

Msimu huo ulianza Septemba 1968, lakini taksiri zake zilianza kabla. Mwezi wa Januari mwaka huo huo, wakipiga picha za sehemu iitwayo Usiku wa Watoro, Robert Conrad aliruka kutoka ghorofani ili akamate taa kubwa ya kuning'inia, mkono ukateleza, akaanguka kichwa chini juu ya sakafu ngumu. Alipelekwa hospitali na jeraha la kichwa ambalo lingeweza kuwa mauti yake, msimu wa tatu ukafungwa kabla ya wakati, na sehemu hiyo iliyokatika katikati haikukamilishwa ila miezi baadaye, ikarushwa Novemba 1968. Mwenye kuitazama leo anaweza kuliona anguko lenyewe, kwani walilibakiza. Mimi nililiona mara moja na sikutaka kuliona tena. Si mchezo kumtazama mtu akikaribia kufa kwa ajili ya kukufurahisha wewe.

Conrad akapona, akarudi. Kisha ikaja zamu ya mwenziwe. Katika kupiga picha za msimu huo wa nne Ross Martin alivunjika mguu, na kabla mguu haujatulia, mwezi wa Agosti 1968, moyo ukamshika. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na minane. Waganga wakamlaza, kazi ikasimama kwake, na tamthilia ikalazimika kwenda bila ya Artemus Gordon kwa sehemu tisa. Watazamaji waliambiwa kwamba Bwana Gordon ameitwa Washington kwa kazi maalumu. Mahali pake wakaletwa wengine kwa zamu, wa mara nyingi zaidi akiwa Charles Aidman, aliyecheza sehemu nne kwa jina la Jeremy Pike. Na katika wengine alikuwamo William Schallert, mchezaji mzoefu, msemaji mzuri.

Na niseme kwa insafu kwamba hapana hata mmoja katika hao aliyekuwa mchezaji dhaifu. Aidman alikuwa na sauti ya upole na uso wenye busara. Schallert alijua kazi yake barabara. Hata hivyo, nilipozitazama sehemu hizo tisa mfululizo, nilihisi kama mtu aliyeingia katika nyumba anayoijua, akakuta fanicha zote zipo mahali pake lakini mama mwenye nyumba amesafiri. Gari moshi lile lile, njiwa wale wale, muziki ule ule. West anaingia, anapiga, anatoka. Adui anabuni mtambo wa ajabu, West anauvunja. Na nikaanza kuzihesabu ngumi, jambo ambalo katika misimu mitatu ya awali sikupata kulifanya, kwa sababu katika misimu hiyo ngumi zilikuwa chumvi na sasa zimekuwa wali.

Hapo ndipo nilipolielewa neno la babu. Tulidhani kwamba kisa kinabebwa na stelingi na kwamba mwandani wake amepachikwa ili stelingi apate mtu wa kusema naye. Kumbe ni kinyume. Stelingi mwenye ngumi unaweza kumpata popote. Sinema za zama zile zilikuwa na mamia. Kilichoitofautisha tamthilia hii na nyingine zote za makauboi ni mtu aliyeingia katika nyumba ya adui kwa mlango wa mbele, akakaribishwa chai, akaondoka na siri, na adui akamsindikiza hadi barabarani. Ujasusi wenyewe ni huo. Ngumi huja pale ujasusi uliposhindwa.

Wala sihitaji kukaa Marekani kwa ushahidi wa hoja hii, maana upo hapa hapa, mwendo wa saa chache kutoka Maramba. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga jeshi la askari kama elfu nane kutoka Bara Hindi, kwa manowari na merikebu za kuchukulia watu, ili wautwae mji na kichwa cha reli. Mjini hapakuwa na askari wa kuweza kuwazuia. Lakini jeshi hilo lilikuja kama mtu anayebisha hodi huku amefumba macho: habari za kuja kwake zilikwisha tangulia, manowari ikaingia bandarini kwanza kutoa taarifa kwamba mapatano ya kutopigana yamekwisha, na siku nzima ikapotea. Katika wasaa huo Kanali Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alikuwa akiwapakia askari wake katika mabehewa ya reli ile ile ya Usambara na kuwateremsha Tanga, hata wakafika kama elfu moja, wengi wao Waafrika. Na usiku wa kabla ya mapigano makubwa ya tarehe 4 yeye mwenyewe alipanda baiskeli, akazunguka katika mitaa mitupu ya mji, akaenda karibu na ufuo kuangalia kwa macho yake mahali adui alipolala. Jemadari juu ya baiskeli, gizani, katika mitaa ya Tanga! Tarehe 5 Waingereza walirudi merikebuni wakaacha ufuoni bunduki na shehena ya risasi. Wazee wetu wamependa kulisimulia tukio hilo kwa habari ya nyuki waliotoka mizingani wakawauma askari, na nyuki walikuwako kweli. Lakini kabla ya nyuki palikuwa na gari moshi na palikuwa na mtu aliyekwenda kutazama. Simsifu mtu huyo kwa vita yake, ambayo iliwala maelfu ya wapagazi wa nchi hii wasioijua sababu yake, na makaburi yao mengi hayana hata jiwe. Nasema tu kwamba elfu walioona waliwashinda elfu nane wasioona.

Nirejee katika mwaka 1968. Yasingekuwapo ila maradhi ya mtu mmoja, huenda tamthilia ingevumilia hadi apone. Na kwa hakika alipona, akarudi kazini kabla msimu haujaisha, na ustadi wake wa msimu huo ukamfanya ateuliwe miongoni mwa wanaowania tuzo ya Emmy ya mwaka 1969. Lakini nje ya studio Marekani ilikuwa ikiwaka. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa kwa risasi katika mji wa Memphis. Miezi miwili baadaye aliuawa Seneta Robert Kennedy. Rais Johnson akaunda tume, chini ya Milton Eisenhower, ichunguze sababu za jeuri katika nchi na njia za kuizuia, na watu wakaligeukia lile sanduku la picha lililokuwa sebuleni mwao wakaliuliza: na wewe je? Machi 1969 Seneta John Pastore aliwaita wakuu wa mashirika ya televisheni mbele ya kamati yake. Shirika la CBS likatafuta kafara. Watazamaji wa The Wild Wild West walikuwa wangaliko kwa wingi, mapato hayakuwa mabaya, lakini hapana tamthilia iliyokuwa na sifa ya ngumi kuizidi hiyo, na ikakatwa.

Hapa pana jambo ambalo sikuliona limesemwa mahali, nami nalisema kwa dhamana yangu. Wakati ambao nchi ile ilikuwa ikizitazama ngumi za televisheni kwa jicho la hofu, ndio wakati ule ule ambao tamthilia hiyo, kwa ajali ya mguu na moyo wa mtu mmoja, ilimkosa mtu wa hila na maneno ikabaki na mtu wa ngumi. Iliposhitakiwa, shahidi wake mwema alikuwa kitandani. Sidai kwamba maseneta walizipima sehemu hizo tisa moja moja. Wao walikuwa na majonzi makubwa kuliko hayo, na majonzi yao yalikuwa ya haki. Walakini mtu anayetaka kujua kwa nini mtuhumiwa huyo alikosa utetezi, na azitazame.

Sehemu ya mwisho mpya ilirushwa Ijumaa ya tarehe 4 Aprili 1969. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu King auawe.

Kabla sijafunga sina budi kumtaja adui mmoja, maana ningekuwa nimedhulumu. Daktari Miguelito Loveless alichezwa na Michael Dunn, mtu mfupi mno wa kimo na mkubwa mno wa kipaji, aliyeimba kwa sauti nzuri na kusema Kiingereza kama mshairi. Alitokea mara kumi katika misimu yote minne, na katika msimu wa mwisho mara moja tu, Desemba 1968. Loveless hakuwa na ngumi hata moja ya kumtisha mtu. Silaha yake ilikuwa elimu, na uchungu wa mtu ambaye ulimwengu umemcheka tangu utotoni. Siku hiyo ya Desemba Gordon hakuwapo. Nilitazama nikasikitika, kwa kuwa mpinzani wa haki wa Loveless katika gari moshi lile hakuwa West, ila Gordon: akili kwa akili, uso wa bandia kwa uso wa bandia. Mkutano wao wa mwisho ulipotelea kwenye kitanda cha hospitali. Dunn alifariki London mwaka 1973, hajatimiza miaka arubaini.

Sisi nasi tunao watu wetu wawili wa namna hiyo, na wamo vitabuni. Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitupa Bwana Msa mwenye kiko chake, ambaye tulimjua katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapishwa mwaka 1960, na ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984, alifumbua mafumbo ya mauaji kwa kuuliza, kunyamaza na kutazama, akiandamana na sahibu yake Najum. Kisha Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, ambaye katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974 na vilivyofuata alitumwa na taifa, akapanda ndege, akapiga bastola, akawatetea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Vijana wa zama zangu tulimpenda Gamba mpaka kurasa zikachakaa, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kila nirudipo rafuni mkono wangu hukitafuta kitabu cha Bwana Msa, na kila nikisomapo humtazama Najum kuliko nilivyomtazama ujanani, yule rafiki anayekosea, anayeshangaa, anayeuliza swali ambalo bila yake Bwana Msa asingelazimika kufikiri kwa sauti tukamsikia. Mwondoe Najum, Bwana Msa atabaki mzee mwerevu aliyekaa peke yake na moshi.

Nawaomba walimu wa shule zetu za Mkinga na Muheza, wanaowafundisha watoto michezo ya kuigiza, walifanyie kazi jambo hili dogo: pale watoto watakapogombania ustelingi, mchukueni yule mwenye ulimi mwepesi na jicho kali mkampe kazi ya mwandani, na mwandikieni maneno mengi. Msimpe mtoto mdogo kuliko wote kwa sababu tu hakuwa na nguvu za kukataa.

Ross Martin na Robert Conrad walikutana tena katika gari moshi lile kwa filamu mbili za televisheni, moja ya mwaka 1979 na moja ya mwaka 1980, nywele zao zikiwa zimeingia mvi na mizaha yao ikiwa imekomaa. Tarehe 3 Julai 1981 moyo ulimshika Ross Martin mara nyingine, na mara hii haukumwachia. Robert Conrad aliishi baada yake zaidi ya miaka thelathini na minane, akafariki tarehe 8 Februari 2020. Filamu ya tatu ya wawili hao haikutengenezwa.